Nani Anamtazama Nani? Bustani za Wanyama katika Historia ya Majirani Zetu Watatu

Wahenga walituachia methali isemayo: nyani haoni kundule, huliona la mwenzake. Kwa kawaida tunaitumia kumsuta mtu anayetangaza aibu za wengine ilhali zake zimemganda. Leo, katika mfululizo wetu kuhusu nchi jirani, tutaitumia kuisoma historia. Kila anayekwenda kwenye bustani ya wanyama hudhani kwamba yeye ndiye mtazamaji na mnyama ndiye mtazamwa. Hata hivyo, tukichunguza maneno na matendo ya watazamaji wa kale mbele ya vizimba, tunagundua kwamba habari zao hutufunulia mengi juu yao wenyewe kuliko juu ya wanyama waliowatazama.

Tutapita kwa majirani watatu: Kenya, Kongo na Uganda. Njiani itatubidi kuvuka bahari, kwa sababu wanyama wa majirani zetu, na hata watu wao, walivushwa bahari ili watazamwe.

Twiga wa Malindi

Mwanzoni mwa karne ya 15, Malindi ilikuwa mojawapo ya miji iliyojitawala katika pwani ya Waswahili. Ilifanya biashara na Waarabu, Waajemi na Wahindi, na ilikuwa na watawala waliojua thamani ya urafiki wa mbali. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika katika baraza la mfalme wa China, Yongle, wakiwa na zawadi ya twiga. Mwaka uliotangulia, twiga mwingine alikuwa ameletwa huko kutoka Bengal.

Wachina waliomwona hawakusema, "Huyu ni mnyama anayekula majani ya migunga katika nyika za Afrika." Wakuu wa baraza walimpa jina la qilin, kiumbe wa hadithi zao za kale ambaye, kwa imani yao, hujitokeza duniani pale tu anapotawala mfalme mwenye hekima. Twiga alichorwa, akasifiwa, na sifa zake zikageuka kuwa sifa za mfalme. Wengi walimtazama, lakini walichokiona ni utukufu wa kiti cha enzi.

Hata hivyo, kuna jambo moja katika kisa hiki ambalo halina budi kukumbukwa tutakapofika Kongo. Twiga alikuwa zawadi, na walioileta walikuwa wajumbe. Walipokewa kama wageni wa heshima kutoka dola iliyojitawala. Misafara mikubwa ya majini iliyoongozwa na Zheng He ilifika baadaye katika pwani yetu kuendeleza uhusiano huo. Mnyama alitazamwa, mtu aliyemleta alizungumziwa naye. Mpaka kati ya hao wawili ulikuwa bado unaheshimiwa.

Wageni wawili mbele ya orangutani

Bustani ya wanyama kama tunavyoijua leo ilistawi Ulaya katika karne ya 19. Bustani ya London ilifunguliwa mwaka 1828 kwa ajili ya wanachama wa chama cha wanazuolojia, na mwaka 1847 umma ukaruhusiwa kuingia kwa kulipa. Kadiri Uingereza ilivyopanua himaya yake, ndivyo vizimba vilivyojaa. Kila mnyama mpya alikuwa kama barua kutoka koloni: raia aliyelipa kiingilio alijionea jinsi taifa lake lilivyoenea duniani.

Mwezi Machi mwaka 1838, kijana mmoja wa miaka 29 aitwaye Charles Darwin alikwenda kumtazama orangutani jike aliyeitwa Jenny. Wakati huo Jenny alihifadhiwa katika nyumba ya twiga, iliyokuwa na joto la kutosha. Mtunzaji alimwonyesha tofaa, kisha akamnyima. Jenny alijitupa chali, akarusha miguu na kulia kama mtoto mtukutu. Mtunzaji akamwambia kwamba akinyamaza na kutulia atapewa. Jenny alijizuia kwa shida, akanyamaza, akapewa tofaa lake, akaenda kuketi na kulila kwa raha. Darwin aliyaandika hayo yote katika barua kwa dada yake. Hakuandika kwamba mnyama huyo alikuwa mzuri au mbaya, aliandika alichokitenda. Baada ya miaka mingi, mwaka 1872, alichapisha kitabu kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia zao.

Mwaka 1842, Malkia Victoria alitembelea bustani hiyohiyo, naye akamwona orangutani. Aliandika katika kumbukumbu zake kwamba mnyama huyo alifanana na binadamu kwa namna ya kutisha na isiyopendeza. Mnyama alikuwa wa aina ileile na bustani ilikuwa ileile. Mgeni mmoja aliuona ujamaa na akataka kujua zaidi. Mwingine aliuona ujamaa na ukamchukiza.

Umma wa kawaida ulichagua njia ya tatu, nayo ni kicheko. Kuanzia mwaka 1926 hadi mwaka 1972, bustani ya London iliandaa karamu za chai za sokwe. Sokwe wachanga waliketishwa mezani na kupewa vikombe, na watu walicheka walipoimwaga chai. Watoto wengi wa Uingereza walikua wakiamini kwamba sokwe ni kichekesho. Hawakujulishwa kwamba ili kumpata sokwe mchanga msituni, mama yake huuawa kwanza, na mara nyingi huuawa pia wengine wanaojaribu kumtetea.

Kongo: siku mpaka ulipovunjwa

Hapa historia yetu inaingia gizani. Mwaka 1885, nchi kubwa ya Kongo iliwekwa chini ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, kama mali yake binafsi. Mwaka 1897, katika maonyesho yaliyofanyika Tervuren, karibu na Brussels, Wakongo 267 walipelekwa kuonyeshwa kwa umma katika vijiji vya kuigiza. Saba kati yao walifia huko katika baridi ya ugenini, na makaburi yao yapo mpaka leo kando ya kanisa la mji huo.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Ota Benga. Alikuwa kijana wa jamii za watu wafupi wa misitu ya Kongo. Mmarekani Samuel Phillips Verner alimnunua na kumpeleka kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis mwaka 1904. Kisha, mwezi Septemba mwaka 1906, Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York, pamoja na orangutani aliyeitwa Dohong. Mkurugenzi wa bustani alikuwa William Hornaday. Bango lilitaja umri wa Ota Benga kuwa miaka 23, urefu wake kiasi cha sentimita 150, uzito wake kiasi cha kilogramu 47, na mto wa Kasai kuwa mahali alikotoka. Hayo ndiyo maelezo yanayoandikwa juu ya mnyama. Bango halikumtaja mama yake, wala lugha yake, wala matakwa yake.

Magazeti yaliripoti kwamba Jumapili moja watu wapatao 40,000 walifika katika bustani hiyo. Walimfuata, wakamzomea, wakamcheka. Tujiulize: watu 40,000 waliona nini siku ile? Macho yao yalikuwa mazima. Walimwona mtu akitembea, akikasirika, akitafuta pa kujificha. Lakini walikuwa wamekwisha kufundishwa, na magazeti na baadhi ya wanazuoni wa zama zao, kwamba Mwafrika yuko karibu na nyani kuliko Mzungu. Walichokwenda kukiona walikiona.

Si wote walionyamaza. Wachungaji Weusi wa makanisa ya Kibaptisti mjini New York, wakiongozwa na James H. Gordon, walipinga hadharani. Hoja yao ilikuwa nyepesi na nzito kwa pamoja: watu wao walikuwa wamekandamizwa vya kutosha bila ya mmoja wao kuwekwa pamoja na nyani. Meya wa New York alikataa kuonana nao. Hata hivyo hawakuchoka, na kabla mwezi Septemba haujaisha Ota Benga aliondolewa Bronx, akapelekwa katika kituo cha watoto yatima kilichosimamiwa na Gordon. Baadaye aliishi Lynchburg, Virginia, ambako alisoma na kufanya kazi katika kiwanda cha tumbaku. Alitamani kurudi kwao, lakini vita vya dunia vilikuwa vimefunga njia za bahari. Tarehe 20 Machi 1916 alijitoa uhai. Taasisi inayoiendesha bustani ya Bronx iliomba radhi hadharani mwezi Julai mwaka 2020, miaka 114 baada ya tukio.

Asije mtu akadhani kwamba mambo haya yalikoma zamani sana. Katika maonyesho ya dunia ya Brussels mwaka 1958 kulikuwa tena na kijiji cha Wakongo. Baadhi ya watazamaji waliwadhihaki na kuwatupia ndizi, hata Wakongo hao wakaamua kuondoka kabla ya maonyesho kwisha. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Juni 1960, Kongo ilipata uhuru.

Sarufi yetu inasema nini?

Ninyi mnaojifunza Kiswahili mnafahamu ngeli ya A-WA. Tunasema mtu ameketi, na tunasema sokwe ameketi. Kitenzi hakimbagui kiumbe hai mmoja na mwingine: mtoto analia, twiga anakula, sokwe anamtazama mgeni. Lugha yetu imewaweka binadamu na wanyama katika nyumba moja ya upatanisho, kwa sababu wote wana uhai. Kizimba chenyewe kimewekwa katika nyumba nyingine, ya KI-VI: kizimba kimefungwa.

Basi angalieni kinachotokea tunapotaka kumdharau mtu. Tunamtoa katika A-WA na kumtupa katika KI-VI: mtu anageuka kijitu, mtoto anageuka kijitoto. Kiambishi kimoja kinatosha kumshusha binadamu hadi kwenye hadhi ya kitu. Hilo ndilo bango la Bronx lililomfanyia Ota Benga kwa Kiingereza.

Wala tusijivune mno. Kiswahili chenyewe kina neno mbilikimo, ambalo kwa muda mrefu limetumiwa kuzitaja jamii hizo za misituni kwa kimo chao tu, kana kwamba hazina majina. Zina majina: kuna Wambuti, kuna Watwa, na wengineo. Raia mwema humwita jirani yake kwa jina analojiita. Methali yetu ya nyani na kundule inatuhusu sisi pia.

Uganda: kutoka kituo cha yatima hadi darasa

Sasa tuje kwa jirani wa tatu, ambako historia inaanza kubadili mwelekeo. Mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilianzisha huko Entebbe, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, kituo cha kupokea wanyama yatima, waliojeruhiwa au walionyang'anywa wawindaji haramu. Katika miaka ya 1960 kituo hicho kiligeuzwa kuwa bustani ya maonyesho kwa mtindo wa Ulaya, na wakaletwa hata wanyama wasio wa Uganda, kama vile dubu na chui milia. Fikirini jambo hili: mtoto wa Uganda, nchi yenye sokwe, gorila na mamia ya aina za ndege, aliletwa kustaajabia dubu! Bustani ilikuwa imeazima macho ya mtu mwingine.

Mwaka 1994 ndipo mahali pale palipofanywa kuwa Kituo cha Elimu ya Wanyamapori cha Uganda. Lengo likawa kuwaonyesha Waganda wanyama wa nchi yao na mazingira wanamoishi, na hasa kuwafundisha wanafunzi. Kwa watoto wengi wa Afrika Mashariki, safari ya kwenda mbugani ni ghali mno. Wanaishi katika nchi ambazo watalii huvuka dunia ili kuziona, nao hawajawahi kumwona simba wala kifaru. Kwao, ziara ya shule kwenye kituo kama cha Entebbe ndiyo mara ya kwanza kukutana na urithi wao.

Mkazi mashuhuri wa kituo hicho alikuwa sokwe aitwaye Zakayo. Aliletwa Entebbe mwaka 1976, akawa kiongozi wa kundi lake kwa miaka mingi, na alifariki mwezi Aprili mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 54. Magazeti yalitangaza kifo chake kama kinavyotangazwa kifo cha mzee wa mtaa. Wanaosoma Injili wanamkumbuka Zakayo mwingine, mtoza ushuru mfupi aliyepanda mti ili amwone Yesu akipita, na badala yake akatazamwa yeye na kuitwa kwa jina. Ndivyo ilivyokuwa Entebbe: vizazi vya wanafunzi vilikwenda kumwona Zakayo, naye akaviona vizazi vikipita.

Hata hivyo, heshima hiyo isitufumbe macho. Zakayo aliishi nyuma ya uzio kwa zaidi ya miaka 40. Sokwe aliyelelewa na binadamu tangu utotoni ni vigumu kumrudisha msituni: hajui kujitafutia chakula, hawaogopi watu, na sokwe wa porini huweza kumshambulia hata kumuua. Kwa sababu hiyo, mwaka 1998 ilianzishwa hifadhi ya sokwe yatima katika kisiwa cha Ngamba, kiasi cha kilomita 23 kutoka Entebbe. Kisiwa hicho kina msitu wa ekari karibu 100. Sokwe hushinda humo, na wageni huwatazama kutoka kwenye jukwaa lililotengwa, wakati wa kuwalisha. Yaani mpaka umechorwa upya: sehemu kubwa ya kisiwa ni ya sokwe, na anayesimama nyuma ya uzio, katika eneo dogo, ni mgeni.

Kutazama ni kazi

Kwetu Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kutoka Kongo, ndiko Jane Goodall alikoanza kuwatazama sokwe wa Gombe mwezi Julai mwaka 1960. Kwa majuma mengi sokwe walimkimbia. Hakuwafungia, aliwasubiri wamzoee. Kabla mwaka huo haujaisha, alimwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akichomeka unyasi katika kichuguu, akiutoa ukiwa umejaa mchwa, na kuwala. Wakati huo wataalamu walifundisha kwamba ni binadamu tu anayetengeneza na kutumia zana. Subira ya mtazamaji mmoja iliwalazimu kulifikiria upya fundisho hilo.

Je, mgeni wa saa mbili katika bustani anaweza kutazama kwa namna hiyo? Kwa kiasi chake, anaweza. Kwanza, achague mnyama mmoja na kukaa naye, badala ya kupita vizimba 20 kwa haraka. Pili, atumie vitenzi kabla ya sifa: anakuna, anajificha, anamchambua mwenzake manyoya. Tatu, asimkopeshe mnyama hisia zake. Sokwe anayefunua meno yote huenda hacheki; mara nyingi huo ni uso wa hofu. Nyani anayepiga miayo mirefu mbele yako huenda hana usingizi. Anaonyesha meno yake kukuonya. Simba anayekwenda na kurudi kwa njia ileile, hatua zilezile, hafanyi mazoezi; anaweza kuwa ametaabika kwa ufinyu wa makazi. Nne, asiwarushie chakula wala kuwakaribia mno, maana sokwe huambukizwa mafua na magonjwa mengine ya njia ya hewa kutoka kwa watu.

Kuna wanaodai kwamba bustani zote za wanyama zifungwe, na kuna wanaodai kwamba bila bustani hizo watoto wetu hawatajua wala kujali. Naona kipimo kiwe hiki: kituo kinastahili kuwapo ikiwa kazi yake inapunguza idadi ya yatima wanaofika mlangoni kwake. Mwanafunzi aliyemtazama vizuri sokwe yatima, kisha akajua mama yake aliuawaje, atakapokuwa mkulima kando ya msitu, askari wa mpakani au diwani, atakuwa na sababu ya kusema hapana. Kama watu wanatoka wakiwa wamecheka tu, kizimba hakijafanya kazi yoyote zaidi ya kufunga.

Na iwapo twiga wa Malindi, Ota Benga wa Kongo na Zakayo wa Entebbe wana fundisho moja kwa raia wa nchi zetu, ni hili: kila mara anapowekwa kiumbe mbele yetu ili tumkodolee macho, tuulize ni nani aliyemweka pale, kwa faida ya nani, na bango limeacha kusema nini. Swali hilo linafaa mbele ya kizimba. Linafaa pia mbele ya picha za wakimbizi, za maskini na za wagonjwa zinazosambazwa kila siku katika simu zetu.

Maswali ya mjadala

1. Wajumbe wa Malindi na Ota Benga wote walisafiri hadi nchi za mbali. Ni nini kilichotofautisha jinsi walivyopokewa?
2. Andika aya moja ukimweleza mnyama uliyewahi kumwona, hata kuku au paka wa nyumbani, kwa kutumia vitenzi visivyopungua 8 bila ya kutumia kivumishi chochote cha sifa.
3. Taja maneno mawili ya Kiswahili yanayomshusha mtu kwa kumhamisha kutoka ngeli ya A-WA. Kisha ueleze ni wakati gani kiambishi hichohicho kinaweza kuonyesha upendo.